Stendi Aliyoichagua Mwalimu Dorcas

Mwalimu Dorcas hakuwa mtu wa kuomba. Miaka yote aliyofundisha fizikia katika sekondari moja ya kata upande wa Kiseke, chaki ikiisha alinunua mwenyewe, na vipindi vikizidi alivibeba. Kwa hiyo siku alipoingia ofisini kwa mkuu wa shule akasema anataka darubini, Mwalimu Nathaniel aliweka kalamu mezani akamtazama vizuri.

"Darubini tunazo maabara, Madam. Tena moja haijatolewa hata kwenye boksi."

"Zile ni za kuangalia vijidudu, mkuu. Mimi nataka ya nyota."

Nathaniel alicheka, lakini si kwa ubaya. Walifahamiana tangu chuo cha ualimu. Alikuwa mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, na ile shule aliipenda kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. "Nyota," alisema. "Na vyoo vya wasichana je?"

Jambo lenyewe lilianza mwaka uliotangulia. Padre mmoja wa Misungwi, aliyekuwa anahamishwa, alimwazima Dorcas darubini ndogo aliyoletewa na ndugu zake. Jioni moja Dorcas aliisimamisha uani kwake, akahangaika nayo mpaka wali ukaungua jikoni, na mwishowe akaipata sayari ya Zohali. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na pete zake zimeizunguka. Alizijua pete zile tangu darasa la sita, pale mwalimu wao alipozichora ubaoni kwa chaki, naye akaziamini kama watu wanavyoamini habari za mbinguni. Sasa aliziona kwa macho yake akiwa na miaka arobaini na sita. Mumewe Chenge, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alimkuta amesimama na machozi yanamtoka.

"Kuna nini huko juu?"

"Zipo kweli," alisema Dorcas. "Nimefundisha watoto wa watu vitu ambavyo sijawahi kuviona."

Wiki iliyofuata aliipeleka darubini ile shuleni. Wanafunzi wa kidato cha tatu walipanga foleni uwanjani, na hapo ndipo alipokutana na shida ambayo hakuitegemea. Dunia haisimami. Ukiilenga sayari kwa darubini yenye nguvu, inateleza na kutoka kwenye tundu la kuchungulia kabla hujamaliza kumweleza mtu anachokiona. Mwanafunzi wa kwanza aliona pete. Wa pili aliona kitu kinakimbilia pembeni. Wa tatu aliona giza tupu. Dorcas alilenga upya, na upya tena, mpaka mgongo ukamuuma, na wa mwisho kwenye foleni walienda kulala bila kuona chochote. Msichana mmoja, Gladness, aliyekuwa anaongoza kwa hesabu kidato kizima, alibaki nyuma akauliza: "Madam, hakuna stendi inayoweza kuifuata yenyewe?"

Ilikuwepo. Dorcas aliisoma habari yake usiku huohuo kwenye simu, na tangu siku ile hakuwaza kitu kingine.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Bwana Jitesh, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, ambaye aliwahi kuipa shule madawati. Mama yake, Lilavati, alikuwa amefariki mwaka ule, naye alitaka kuacha kitu kwa jina lake. Alimwambia Dorcas kwamba mama yake, siku za mfungo, alikuwa akipanda juu ya paa kuusubiri mwezi uchomoze ndipo ale, na kwamba yeye kama mtoto ndiye aliyetumwa kuchungulia kama umeshatoka. "Darubini ingempendeza," alisema. "Chagua wewe, mwalimu. Mimi najua nyaya tu. Chagua kitu kizuri, lakini usinifilisi."

Likizo nzima ya Juni Dorcas alichagua. Chenge alizoea kurudi kutoka Mwaloni akinuka dagaa na kumkuta mkewe ameinamia simu, miwani imeshuka puani.

"Umepata?"

"Bado. Hii ina mota upande mmoja tu."

"Na ile ya jana?"

"Ya jana nzito. Haibebeki kwenye pikipiki."

Chenge alijifunza hata yeye. Akaelewa kwamba darubini yenyewe ni bomba tu lenye vioo, na kwamba kazi yote iko kwenye stendi. Stendi ya kusukuma kwa mkono ni rahisi kwa bei, ila ndiyo ileile ya padre. Zile za kompyuta ziko za namna mbili. Kuna kubwa yenye vyuma vya uzito, ambayo wapiga picha za anga huko Ulaya wanaisifu sana. Na kuna ndogo yenye mkono mmoja. Hii unaielekeza kwanza kwenye nyota tatu zinazong'aa, nayo inajipanga. Kisha ukigusa jina la sayari kwenye simu, mkono unageuka taratibu mpaka inapopatikana, halafu unaifuata. Inatumia betri za tochi. Inaingia kwenye begi la mgongoni.

Hilo la begi ndilo lililomvuta Dorcas kuliko yote. Alizaliwa Usagara, na alijiona akishuka pale njia panda na begi lake, akienda shule za msingi za kule alikosoma, ambako hakuna hata taa ya kuharibu giza. Alimpigia mwalimu mmoja wa Arusha aliyekuwa na stendi kama ile, akamhoji mpaka yule mtu akaomba akanywe maji. Alipomaliza, aliandika jina la stendi ile ndogo kwenye karatasi akampelekea mkuu wa shule, na bei yake ilikuwa chini ya kile Jitesh alichokitenga.

Mwalimu Nathaniel aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Madam, hii ni blenda."

"Ni stendi, mkuu."

"Mimi nakwambia mtu akiiona ataomba juisi. Mfadhili anatoa fedha kwa jina la marehemu mama yake, sisi tunamwonyesha blenda? Siku ya makabidhiano watakuja wageni kutoka wilayani. Kitu kikubwa hakuna?"

Kilikuwepo, na kosa la Dorcas, kama ni kosa, ni kwamba alikuwa amekitaja yeye mwenyewe katika maelezo yake. Kikao cha bodi ya shule kilipoitishwa, Mwalimu Alexander, kijana wa somo la kompyuta, alikuwa ameshachapisha picha ya stendi ile kubwa kwa rangi. Ilikuwa nyeupe, ndefu, na vyuma vyake vya uzito vinameremeta. Jitesh naye alikuwepo, amekaa mwisho wa meza.

Dorcas alisimama akaeleza. Alichukua chungwa na kalamu. Alisema stendi ile kubwa ina mhimili ambao lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka. Ulaya ncha ile iko juu angani. Mwanza tuko karibu na ikweta, kwa hiyo ncha iko chini, imegusa upeo wa macho nyuma ya mawe. Ili itumike hapa, mhimili lazima ulazwe karibu usawa wa ardhi, na stendi hii haikutengenezwa kulala hivyo. Vyuma vya uzito vitagonga mguu.

"Lakini ni ya kompyuta," alisema Nathaniel.

"Ndiyo, mkuu."

"Basi kompyuta itajua iko wapi. Si ndiyo kazi yake, Mwalimu Alexander?"

"Inasoma mahali ilipo kwa setilaiti," alisema Alexander.

"Kujua iko wapi si kuweza kuinama," alisema Dorcas. Wajumbe wawili walicheka, na hakujua wanamcheka nani. Aligeuka kwa Jitesh. Jitesh alikuwa akiitazama meza.

"Nyinyi ndio walimu," alisema. "Mkikubaliana, mimi nitaongeza kilichopungua."

Wapo waliosema baadaye kwamba Nathaniel alikula kitu kwa muuzaji wa stendi ile kubwa huko Dar es Salaam. Dorcas hakuamini kamwe. Angekuwa amekula, ingekuwa rahisi kumsamehe, maana wizi unaeleweka. Nathaniel alitaka tu kitu kikubwa, kwa moyo safi kabisa, na alikuwa na uwezo wa kukipata.

Mzigo ulifika Septemba, mwaka 2023. Ilibidi wanaume wanne waubebe kutoka getini. Ulihitaji betri ya gari. Begi la mgongoni halikutajwa tena na mtu yeyote.

Alexander alipewa kuifunga, kwa kuwa kompyuta ni idara yake, na Dorcas hakuitwa. Lakini jioni ya makabidhiano, turubai zikiwa zimeshasimamishwa, wageni wameshakula, na giza limeingia, kijana yule alimfuata jikoni alipokuwa anasimamia chai. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Madam, haishuki."

"Nilisema."

"Najua ulisema. Inagonga mguu, mota inalia tu. Mkuu yuko kwenye maikrofoni, anasema dakika chache zijazo mgeni rasmi ataona pete za Zohali. Nisaidie, Madam."

Angeweza kukataa. Baadaye alilirudia jambo hili moyoni mara nyingi kuliko sala zake: angeweza kumimina chai, akakaa chini, akawaacha waaibike. Lakini alitazama uwanjani akaona wanafunzi wamepanga foleni, na mbele yao Gladness, sasa wa kidato cha nne na mwenyekiti wa klabu ya nyota, sweta lake limefungwa kiunoni. Ndio walewale walioona giza mwaka uliopita.

Aliweka birika chini, akaenda. Ilikuwepo njia moja, ya hatari lakini ipo: kufupisha mguu mmoja ili stendi nzima iiname, kile kisichoweza kuinama juu kiinamie chini. Alimwambia Alexander, "Shika mguu huu wa nyuma. Usiuachie kwa sababu yoyote. Uzito wote sasa uko upande mmoja." Alexander akashika. Dorcas akapima kwa macho, akakaza, akawasha. Mota ikaacha kulia. Bomba likageuka, likapanda kuelekea mashariki, likatulia, na Zohali ikaingia katikati ya tundu ikakaa hapohapo bila kuteleza.

Jitesh alikuwa wa kwanza kuchungulia. Alikaa muda, kisha akasimama akajifuta uso kwa leso. "Asante, mwalimu," alisema, kwa sauti ambayo Dorcas hakuwahi kuisikia kwake. Gladness alifuata. "Haitembei!" alipiga kelele kwa wenzake. "Jamani, imetulia kabisa!" Dorcas alimwambia asimame hapo kando, awaelekeze wenzake jinsi ya kuchungulia bila kugusa.

Kisha mgeni rasmi akaitwa, na Mwalimu Nathaniel, akiwa bado na maikrofoni, akasema: "Mwalimu Alexander, picha! Tupate picha ya mgeni akiangalia!"

Alexander aliinuka kuchukua kamera.

Dorcas alimwona. Alifungua mdomo, lakini mgeni alikuwa ameshainama na kuweka mkono wake juu ya bomba, kama mtu anavyoegemea kaunta ya duka. Stendi ililala polepole, kisha kwa ghafla. Mgeni aliruka nyuma. Gladness, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda isiguswe, alinyoosha mkono kuidaka.

Chuma cha uzito kilimvunja kifundo cha mkono wa kulia. Ilikuwa imebaki miezi miwili kasoro kabla ya mtihani wa taifa.

Dorcas ndiye aliyempeleka hospitali, ndiye aliyekaa naye mpaka mama yake alipofika. Jumatatu aliitwa ofisini. Nathaniel hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa mekundu, na Dorcas aliona kwamba hata yeye hakuwa amelala.

"Nani aliufupisha mguu wa stendi?"

"Mimi, mkuu."

"Nani alikuruhusu?"

"Bila hivyo isingefanya kazi. Nilimwambia Alexander asiachie. Wewe ulimwita apige picha."

"Dorcas." Hakuwahi kumwita kwa jina hilo tupu tangu chuoni. "Mimi nilimwita mtu apige picha. Wewe ulikiharibu kifaa kikaanguka. Wilayani wanataka maelezo, na hayo ndiyo maelezo. Unataka niandike nini? Kwamba ikweta ndiyo iliyotuponza?"

Aliandika alichoandika. Dorcas alipewa onyo, klabu ikafungwa, na stendi kubwa ikawekwa stoo nyuma ya madebe ya rangi. Alexander alimwomba msamaha mara moja, kwenye korido, haraka, kisha akawa anapita njia nyingine. Walimu wenzake hawakumsema vibaya. Walisema tu, "Lakini na wewe, Dorcas, uliingiliaje?" Hilo lilimuuma kuliko onyo.

Gladness alifanya mtihani plasta ikiwa imetoka juzi tu. Karatasi ya fizikia aliijibu nusu, mkono ukakataa. Matokeo yalipotoka alikuwa na daraja la nne, na shule ya kidato cha tano ikawa ndoto. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba ni mkono. Mama yake alipokutana na Dorcas sokoni alisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akaondoka bila kununua alichokijia.

Chenge alijaribu kumfariji mkewe kwa namna yake. "Hata Mwaloni ni hivyohivyo," alisema. "Anayeuona mtumbwi unavuja akaziba ndiye anayeulizwa kwa nini umezama." Dorcas alimwambia anyamaze.

Miaka miwili ikapita. Novemba ya 2025 simu ya Dorcas iliita, akasikia sauti ya Jitesh. Alimwomba afike nyumbani kwake mjini, juu ya duka, jioni. "Kuna kitu nataka ukione. Njoo na mzee."

Chenge alikuwa na mzigo, kwa hiyo alienda peke yake. Jitesh alimpandisha ngazi mpaka kwenye paa, na pale, pembeni ya tangi la maji, ilikuwa imesimama stendi ndogo yenye mkono mmoja, ileile iliyokuwa kwenye karatasi ya Dorcas. Binti wa Jitesh, Shreya, msichana wa shule ya msingi, aligusa simu mara chache. Mkono ukageuka bila sauti kubwa. Kabla chai haijapoa, Zohali ilikuwa imepatikana.

Dorcas alichungulia. Mwaka ule pete zilikuwa zimegeuzia dunia ubavu, zimekuwa nyembamba kama uzi, na alijua ingechukua miaka kadhaa zifunguke tena vizuri. Lakini zilikuwepo, na zilitulia. Taa za mji zilizunguka paa pande zote, na hazikuzuia chochote.

"Uliichagua vizuri," alisema Jitesh. "Nilikumbuka jina lake. Hata mtoto anaiweza."

Dorcas aliinua kichwa. Alitegemea kwamba atafurahi, hata kidogo. Kilichompanda ni hasira, ngeni na nzito, na ilitoka kabla hajaichuja.

"Siku ya kikao ulijua nasema kweli?"

Jitesh alitazama mlango wa ngazi. Shreya alikuwa ameshachoka na nyota, ameingia ndani kutazama katuni.

"Nilijua unakijua unachokisema," alisema Jitesh. "Lakini mwalimu, mimi nimezaliwa hapa, baba yangu alizaliwa hapa, na bado kila ninapoingia kwenye kikao naingia kama mgeni. Nikibishana na mkuu wa shule mbele ya wajumbe, kesho wanasema Mhindi katoa fedha, sasa anataka kututawala. Nikanyamaza."

"Na baada ya yule binti kuvunjika mkono?"

"Nililipa hospitali."

"Najua ulilipa."

Jitesh alisema wanafunzi wanaweza kuja pale juu, wachache kila Jumamosi, yeye hana tatizo. Dorcas alisema shule haitaruhusu tena jambo lolote lenye jina lake na darubini pamoja, lakini yuko mtu mmoja ambaye hahitaji ruhusa ya shule, na angependa kumleta. Jitesh alisema amlete hata wiki hiyohiyo.

Asubuhi ya Jumamosi Dorcas alishuka Usagara. Gladness alikuwa na kibanda cha miamala ya simu pale njia panda, mahali mabasi yanaposimama na wauza mahindi wanapogombania madirisha. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka vizuri. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Mkono je?"

"Haujambo. Siku za baridi tu ndio unasumbua."

Dorcas alimweleza yote: stendi, paa la Jitesh, jinsi inavyofuata yenyewe. Alisema leo jioni wanaweza kwenda pamoja, na nauli atatoa yeye. Alikuwa anaongea haraka, kama zamani darasani alipokuwa amefika mahali anapopapenda. Gladness alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, macho yake yakienda mara kwa mara kwa watu waliokuwa wanasogea nyuma ya mwalimu wake.

"Asante, Madam. Ila Jumamosi jioni ndiyo siku yangu ya watu. Nikifunga, wanahamia kibanda cha pili."

"Basi siku nyingine. Hata Jumapili."

"Tutaona, Madam."

Mwanamume mmoja mwenye mkoba alijisogeza dirishani. Gladness alimpa ishara asubiri kidogo, kisha akamgeukia mwalimu wake, simu ya kazi ikiwa tayari kwenye kiganja cha kushoto.

"Sasa wewe, Madam, ulikuwa unatoa au unaweka?"

Dorcas hakuwa na haja ya kutoa wala kuweka fedha. Lakini foleni ilikuwa inamsubiri.

"Natoa," alisema, akaanza kutafuta simu yake kwenye mkoba.